Vyumba Vidogo: Tamthilia ya Magharibi tangu Ibsen hadi Leo

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu wa sanaa za maonyesho, wanafunzi, na wapenzi wote wa tamthilia mliofika jioni hii: wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nizungumzie historia ya tamthilia ya Magharibi tangu kuzaliwa kwa uhalisia, yaani kuonyesha maisha jukwaani kama yalivyo, hadi siku zetu. Vitabu vingi huisimulia historia hiyo kwa majina ya mikondo, kila mmoja ukiurithi uliotangulia kana kwamba ni wafalme wa ukoo mmoja: uhalisia, kisha uasilia, kisha ishara, kisha udhihirishaji, kisha ubwege. Nimeifundisha hivyo kwa miaka mingi, na kadiri ninavyozidi kuisoma ndivyo ninavyoona kwamba orodha hiyo inatuficha mahali penyewe mambo yalipotendeka. Kwa hiyo naomba leo niingilie mlango wa uani na kuzungumzia vyumba. Hoja yangu ni kwamba karibu kila mara tamthilia ya Magharibi ilipogeuka, iligeukia katika chumba kidogo, cha kukodi au cha kuazima, mbele ya watu wachache, na mara nyingi bila ruhusa ya wakubwa. Na udogo huo wa chumba uliibadilisha sanaa yenyewe, yaani namna ya kuandika, namna ya kuigiza na namna ya kutazama.

Tukumbuke kwanza kumbi zilivyokuwa kabla ya hapo. Drury Lane ya London, katika jengo lililofunguliwa mwaka 1794, ilichukua watu zaidi ya 3,000. Aliyekaa kwenye viti vya juu kule nyuma hakuweza kuona jicho la mwigizaji likilengwalengwa na machozi, kwa hiyo mwigizaji alisogea mbele ya jukwaa, akaielekea hadhira, akapaza sauti na kuinua mkono, na huzuni yake ikabidi iwe kubwa kama lile jengo. Michezo nayo ilifumwa kwa kanuni aliyoikamilisha Mfaransa Eugène Scribe: kuna siri, kuna barua inayopotea, kuna watu wanaokutana kwa bahati, na mwishoni kila fundo linafunguka. Juu ya yote hayo alikaa mdhibiti. Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka 1737 iliyotaka kila mchezo mpya usomwe na ofisi ya Lord Chamberlain, ofisa wa kasri la kifalme, kabla haujaonyeshwa hadharani, na udhibiti huo haukuondolewa hadi mwaka 1968. Ufaransa na Ujerumani zilikuwa na wadhibiti wao.

Mtaniambia kwamba uhalisia ulianza katika ukumbi mkubwa, na ni kweli. Tarehe 21 Desemba 1879, katika Ukumbi wa Kifalme wa Copenhagen, ulionyeshwa mchezo wa Mnorwei Henrik Ibsen ambao kwa lugha yetu tunaweza kuuita Nyumba ya Mwanasesere. Nora, mke wa ofisa wa benki, alighushi saini ya baba yake ili apate mkopo wa kumwokoa mumewe mgonjwa; siri inapofichuka, mume anafikiria heshima yake mwenyewe, na Nora anavua pete, anatoka, na mlango unasikika ukifungwa chini. Barua ipo, siri ipo, mkopo upo, vyote ni vifaa vya Scribe. Lakini pale ambapo Scribe angewapatanisha mke na mume, Ibsen aliwaketisha mezani wazungumze, na mazungumzo hayo ndiyo yaliyoivunja ndoa. Ujerumani mwigizaji mashuhuri Hedwig Niemann-Raabe alikataa kuucheza mwisho huo, akisema yeye hawezi kuwaacha watoto wake. Ibsen alikuwa hana ulinzi wa hakimiliki huko, na kwa kuhofia wengine wasije wakauharibu mchezo zaidi, aliandika kwa mkono wake mwenyewe mwisho mwingine ambamo Nora anaburutwa hadi mlango wa chumba cha watoto na kuishiwa nguvu. Yeye mwenyewe aliuita kitendo cha kishenzi. Kumbi kubwa zilikuwa radhi kumpokea Nora, mradi abaki nyumbani.

Mwaka 1881 Ibsen alichapisha mchezo ambao nyumba kubwa hazikuweza kuupokea kwa namna yoyote. Jina lake la Kinorwei lina maana ya wale wanaorudi kutembea baada ya kufa, na nadhani Kiswahili tunalo neno linalofaa kabisa, Mizuka. Mjane, Bibi Alving, anajenga nyumba ya yatima kwa jina la marehemu mumewe ili kuufunika ufisadi wake. Mwanawe Osvald anarudi kutoka Paris akiwa na ugonjwa aliorithi kwa baba huyo, ugonjwa ambao mchezo hauutaji lakini kila mtu alijua ni kaswende. Kumbi kuu za Skandinavia zilikataa, na wauza vitabu waliirudisha nakala kwa mchapishaji. Onyesho la kwanza kabisa la Mizuka lilifanyika Chicago, tarehe 20 Mei 1882, katika ukumbi wa chama cha wahamiaji, mbele ya watu wa Skandinavia waliokwenda Marekani kutafuta kazi. Naomba mlitafakari hilo: tamthilia iliyokuja kuwa nguzo ya uhalisia wa Ulaya ilizaliwa jukwaani mbele ya wahamiaji, ng'ambo ya bahari, kwa sababu nyumbani haikuwa na chumba.

Chumba kilipatikana Paris, na aliyekitafuta alikuwa karani wa kampuni ya gesi. André Antoine alikuwa na umri wa miaka 29, hakuwa na fedha, hakuwa na jina, na chuo cha uigizaji kilikuwa kimemkataa. Alikuwa na kundi la wapenzi wa maigizo waliofanya mazoezi usiku baada ya kazi. Walipata ukumbi mdogo wenye viti 343 katika kichochoro cha Montmartre, na kwa onyesho la kwanza, tarehe 30 Machi 1887, Antoine alichukua meza na viti vya nyumbani kwa mama yake, akavipakia kwenye mkokoteni na kuvisukuma barabarani hadi ukumbini. Lile kundi aliliita Théâtre Libre, yaani Tamthilia Huru, na uhuru huo ulikuwa wa kisheria hasa: mdhibiti alikagua maonyesho ya hadhara, ambako mtu yeyote hununua tikiti mlangoni, lakini wanachama waliolipa ada ya msimu mzima walikuwa kama wageni nyumbani, na nyumbani kwa mtu mdhibiti hana leseni ya kutoa wala kunyima.

Huo mkokoteni nauthamini kuliko nadharia nyingi. Wakati huo mandhari ya jukwaani yalichorwa kwenye vitambaa. Hata vyombo vya ndani mara nyingi vilichorwa ukutani. Meza ya mama yake Antoine ilikuwa meza kweli. Unapokuwa na meza kweli, huwezi tena kusimama mbele ya jukwaa na kuhutubia, maana meza inakutaka ukae, na ukikaa kuizunguka pamoja na wenzako, mmoja wenu lazima ataipa hadhira mgongo. Antoine alijulikana kwa mgongo wake. Alisema chumba cha jukwaani kipangwe kwanza chenye kuta zake zote nne, halafu ndipo iamuliwe ukuta upi uondolewe watu wapate kuona. Huo ndio ukuta wa nne tunaowafundisha wanafunzi. Mwaka 1888, katika mchezo kuhusu wachinjaji, alitundika nyama halisi jukwaani, na wakosoaji wakamcheka. Mimi pia naona hapo alipitiliza, kwa sababu mtazamaji anayeitazama nyama amekwisha kuacha kumtazama mtu. Lakini ule mgongo ulibaki.

Mwaka 1889 wakosoaji na waandishi wa Berlin wakiongozwa na Otto Brahm waliunda chama chao, Freie Bühne, wakaazima ukumbi wa watu kwa maonyesho ya mchana wa Jumapili. Walifungua kwa Mizuka. Mwaka 1890 Antoine naye aliucheza mchezo huo huo, yeye mwenyewe akiwa Osvald. Na tarehe 13 Machi 1891 Mholanzi J. T. Grein, aliyekuwa akiishi London, alianzisha Independent Theatre, chama cha wanachama vilevile, na mchezo wake wa kwanza, kwa usiku mmoja tu, ukawa Mizuka. Gazeti la Daily Telegraph liliufananisha na mfereji wa maji machafu ulioachwa wazi. Miji mitatu, vyama vitatu vya wanachama, mchezo mmoja uliopigiwa kelele kila mahali. Uingereza ilingoja hadi mwaka 1914 ndipo Lord Chamberlain akaupa leseni ya kuonyeshwa hadharani. Ni katika jukwaa la Grein, mwaka 1892, ndipo George Bernard Shaw alipoonyeshwa kwa mara ya kwanza kama mwandishi wa tamthilia, kwa mchezo kuhusu wenye nyumba wanaotajirika kwa kodi za maskini. Berlin nako Gerhart Hauptmann alileta Wafumaji, mchezo kuhusu uasi wa wafumaji wa Silesia wa mwaka 1844, ambao hauna shujaa mmoja: shujaa ni umati wenye njaa. Ulipigwa marufuku hadharani, ukaonyeshwa kwa wanachama mwaka 1893, na ulipokuja kuruhusiwa katika ukumbi mkubwa Kaisari Wilhelm wa Pili aliacha kiti chake cha kukodi kwa hasira.

Sasa twende Urusi, ambako jambo hili lilifika kina kirefu zaidi. Oktoba 1896 mchezo wa Anton Chekhov, Shakwe, ulionyeshwa katika ukumbi wa kifalme wa Alexandrinsky mjini St Petersburg. Hadhira ilikuja kumtazama mwigizaji wa vichekesho iliyempenda, ambaye usiku huo ulikuwa wa heshima yake ingawa hakuwa na nafasi katika mchezo, na ilipoona mazungumzo ya watu wanaochoka, wanaopenda wasipopendwa na kuzungumza wasisikilizane, ilicheka na kuzomea. Chekhov aliondoka ukumbini, akatembea peke yake usiku katika baridi, akaapa kutoandika tena tamthilia. Miezi minane baadaye, Juni 1897, wanaume wawili, Konstantin Stanislavski na Vladimir Nemirovich-Danchenko, walikutana katika mkahawa wa Slavyansky Bazaar wa Moscow saa nane mchana, na mazungumzo yao yakaisha saa mbili asubuhi ya siku iliyofuata. Matokeo yake yakawa Moscow Art Theatre. Kiangazi cha mwaka 1898 walifanya mazoezi katika banda huko Pushkino, nje ya mji, waigizaji wenyewe wakipokezana kufagia na kuandaa chai. Desemba ya mwaka huo, katika ukumbi wa kukodi, walimrudisha Shakwe. Stanislavski alisimulia kwamba pazia lilipofungwa baada ya sehemu ya kwanza palikuwa na ukimya mrefu hata wakaamini wameshindwa, ndipo makofi yalipolipuka.

Kilichobadilika kati ya St Petersburg na Moscow ni nini, ilhali maneno yalikuwa yaleyale? Nadhani ni kwamba katika lile banda waigizaji walijifunza kucheza kile kisichosemwa. Kwa Chekhov mtu anauliza habari za hali ya hewa kwa sababu hawezi kusema kwamba maisha yake yamepotea, na mwigizaji aliyezoea kupaza sauti kwenye kumbi za maelfu hana kifaa cha kuufanya moyo usikike chini ya neno la kawaida. Kutokana na kazi hiyo Stanislavski alianza kuujenga utaratibu wake wa mafunzo, wa kumtaka mwigizaji ajiulize mhusika anataka nini sasa hivi, na angefanya nini kama yeye ndiye angekuwa katika hali hiyo. Kundi hilo lilipofika New York mwaka 1923, vijana wa Marekani waliliona, baadhi yao wakaunda Group Theatre mwaka 1931, na kutoka hapo ikaja Actors Studio, mahali pa mazoezi ya waigizaji, mwaka 1947. Kila tunapomwona mwigizaji wa filamu akinyamaza mbele ya kamera na tukaelewa yote, tunauona mtoto wa lile banda la Pushkino.

Nipite upesi kwa wengine, si kwa kuwadharau. August Strindberg alifungua Stockholm mwaka 1907 ukumbi aliouita wa Ndani kwa Ndani, wenye viti 161, akauandikia michezo aliyoifananisha na muziki wa chumbani. Alfred Jarry mwaka 1896 aliitia Paris fujo kwa neno moja la matusi lililofungua mchezo wake kuhusu mfalme mlafi. Luigi Pirandello mwaka 1921 aliwaleta jukwaani Roma wahusika sita wanaomtafuta mwandishi wao, na watu wakapiga kelele kwamba hiyo ni hospitali ya wendawazimu. Wote watatu waliona kwamba ukuta wa nne, ambao Antoine aliutumia kuusogeza ukweli karibu, umeanza kugeuka kuwa kioo cha duka.

Marekani chumba kilikuwa banda la samaki. Julai 1916, huko Provincetown, Massachusetts, kundi la marafiki lilionyesha mchezo mfupi wa kijana Eugene O'Neill kuhusu baharia anayekufa melini. Banda lilisimama juu ya gati. Bahari ilipiga chini ya mbao za sakafu, na ukungu uliotajwa katika mchezo ulikuwa umetanda nje. Katika kundi hilohilo na kiangazi hichohicho, Susan Glaspell aliandika mchezo wa dakika chache ambamo wanaume wanapekua nyumba wakitafuta ushahidi wa mauaji, nao wanawake wawili, jikoni, kati ya chupa za matunda na mshono uliokosewa, wanauona na kuamua kuuficha. Naamini mchezo ule mfupi unastahili kusomwa sambamba na Nora. O'Neill alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1936; Glaspell alisahauliwa kwa miongo mingi, na kosa hilo ni la wasimulizi wa historia kama mimi.

Hapa niweke pingamizi dhidi ya hoja yangu, kwa kuwa lipo na ni zito. Vsevolod Meyerhold, ambaye katika Shakwe ya mwaka 1898 alicheza kijana Treplev anayedai sanaa mpya, aliuacha uhalisia wa walimu wake na kujenga majukwaa ya ngazi, magurudumu na mbao tupu, yenye waigizaji wanaoruka kama wanasarakasi, na alilifanya hilo kwa fedha za dola ya Kisovieti. Dola hiyohiyo iliufunga ukumbi wake mwaka 1938, ikamkamata mwaka 1939, ikamtesa, na kumpiga risasi tarehe 2 Februari 1940. Bertolt Brecht naye hakuwa mtu wa vyumba vidogo. Opera yake ya Senti Tatu, aliyoiandika na mwanamuziki Kurt Weill, ilijaza ukumbi wa Berlin kuanzia Agosti 1928. Alitaka watazamaji wakae kama watu walio kwenye uwanja wa ndondi, wanaovuta sigara na kupima nani anapiga vizuri, na ili wasizame katika hisia aliziacha taa zionekane, akaandika kwenye mabango kitakachotokea, akakatiza kisa kwa nyimbo. Mwigizaji wa Kichina Mei Lanfang, aliyemwona Moscow mwaka 1935, alimsaidia kulitafakari jambo hilo ambalo wahakiki wetu huliita ukengeushi. Lakini maisha ya Brecht yalikuwa ya mtu asiye na ukumbi. Alikimbia Ujerumani Februari 1933, siku moja baada ya bunge kuungua, akazunguka Skandinavia hadi Marekani, na Mama Courage, mchezo wa mchuuzi anayefuata vita na kupoteza watoto wake wote, aliuandika uhamishoni. Alipopewa hatimaye kundi lake, Berliner Ensemble, mwaka 1949, alibakiwa na miaka saba tu ya kuishi. Ni katika Berlin hiyo ya Mashariki, miaka ya 1970, ndipo Ebrahim Hussein wetu, ambaye Kinjeketile alikuwa amekwisha kuandika, alipofanya utafiti wake wa udaktari kuhusu tamthilia ya Afrika Mashariki.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, chumba kilichobadilisha mambo kilikuwa Théâtre de Babylone ya Paris, ukumbi mdogo uliokuwa ukielekea kufilisika. Samuel Beckett, Mwailandi aliyeandika kwa Kifaransa, alimpa mwongozaji Roger Blin michezo miwili. Blin aliuchagua Kumngojea Godot, na sababu yake mojawapo naipenda kwa ukweli wake: ule mwingine ulihitaji waigizaji 17, na huu ulihitaji watano, nguo kuukuu na mti mmoja. Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 5 Januari 1953. Watu wawili wanangoja, anayengojewa haji. Sehemu ya pili, kadhalika. Wasomi waliushangaa, na Januari 1956 huko Miami, ulikotangazwa kama kichekesho, sehemu kubwa ya watazamaji walitoka kabla haujaisha. Lakini Novemba 1957 kundi la San Francisco lilipoupeleka katika gereza la San Quentin, mbele ya wafungwa wapatao 1,400, hakuna aliyeuliza maana yake. Walijua kungoja. Mfungwa mmoja aliyehukumiwa kifungo cha maisha, Rick Cluchey, hakuruhusiwa kwenda kutazama, akausikia kupitia kipaza sauti akiwa ndani ya selo yake. Baadaye alianzisha kundi la tamthilia gerezani, na alipoachiliwa alikuja kufanya kazi na Beckett mwenyewe. Waandishi wetu nao waliuchukua mkondo huu wa ubwege, unaoonyesha maisha kama jambo lisilo na maana, na kuutumia kwa haja zao: Said Ahmed Mohamed, katika Amezidi, aliwaweka Ame na Zidi pangoni, na ubwege ukawa lugha ya kuzungumzia nchi inayoishi kwa misaada.

Lisije likaeleweka kwamba uhalisia ulikuwa umekufa Beckett alipotokea. Tarehe 11 Machi 1959, Lorraine Hansberry, akiwa na umri wa miaka 28, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuonyeshwa mchezo wake Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York. Alitumia nyenzo zilezile za Ibsen: nyumba ya vyumba vichache, fedha za bima, mama, mwana, mke, dada. Familia hiyo ya watu weusi wa Chicago inataka kununua nyumba katika mtaa wa wazungu, na kitanda cha mtoto kiko sebuleni kwa sababu hakuna mahali pengine. Mzungu wa Paris mwaka 1959 aliweza kusema kwamba sebule haina tena la kueleza. Watu ambao sebule yao haijawahi kuonekana jukwaani hawakuwa na sababu ya kukubaliana naye.

Miaka ya 1960 Jerzy Grotowski, katika mji wa Opole, Polandi, alianzia kwenye ukumbi ulioitwa wa Safu 13, akauliza tamthilia inaweza kuvuliwa nini na bado ibaki tamthilia. Alivua mandhari, vipodozi, muziki wa mashine na hata mpaka kati ya jukwaa na viti, akabaki na mwigizaji na mtazamaji. Aliiita tamthilia fukara. Peter Brook, Mwingereza aliyevutiwa naye, alianza kitabu chake cha mwaka 1968 kwa wazo kwamba mahali popote patupu panatosha, na mwaka 1972 alichukua waigizaji wake wakazunguka vijiji vya Afrika Kaskazini na Magharibi, wakitandika zulia chini na kucheza juu yake.

Kisha kuna mwaka 1977 na mwaka 1978, ambao nauweka pamoja makusudi. Kenya, huko Kamiriithu, wanakijiji walijenga wenyewe ukumbi wa wazi na kuonyesha Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Baada ya wiki chache tu leseni ilifutwa, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Prague, mwaka uliofuata, mwigizaji Vlasta Chramostová, aliyefukuzwa kwenye majukwaa ya serikali, alikuwa amegeuza sebule yake kuwa ukumbi, na Macbeth ikachezwa kati ya makabati na viti vya nyumbani huku polisi wakiwa nje. Rafiki wa watu hao, Václav Havel, ambaye maandishi yake yalikuwa yameanzia katika ukumbi mdogo wa mji huo alikofanya kazi kama mhamisha vifaa vya jukwaani, alifungwa mwaka 1979 na kuapishwa kuwa rais wa Chekoslovakia Desemba 1989.

Kumbi kubwa bado zipo, na zina watu. Mzuka wa Opera ulichezwa New York tangu mwaka 1988 hadi Aprili 2023, mara 13,981, na sithubutu kuwabeza waliolipa kuutazama. Ugonjwa wa korona ulipofunga Broadway, Machi 2020, kumbi hizo zilinyamaza kwa takriban mwaka mmoja na nusu, na waigizaji wakacheza vyumbani mwao mbele ya simu. Lakini tunaposema tamthilia ya leo, mimi huwazia ngazi moja ya London. Januari 1995, katika chumba cha juu cha ukumbi wa Royal Court, chenye viti vichache, ulionyeshwa mchezo wa kwanza wa Sarah Kane, aliyekuwa na miaka 23. Unaanza kama mchezo wa Ibsen: mwanamume na msichana katika chumba cha hoteli ya Leeds. Kisha askari anabisha hodi, bomu linapiga, na vita ambavyo Waingereza walikuwa wakivitazama kila jioni kutoka Bosnia viko ndani ya chumba. Gazeti moja liliuita karamu ya uchafu. Aliyesoma magazeti ya mwaka 1891 alikwisha kuyasikia maneno hayo. Na huko Bosnia kwenyewe, mwaka mmoja na nusu hivi kabla, Agosti 1993, Sarajevo ikiwa imezingirwa na umeme umekatwa, mwandishi Susan Sontag aliongoza sehemu ya kwanza ya Kumngojea Godot kwa mwanga wa mishumaa.

Kane alijiua Februari 1999, na mchezo wake wa mwisho, kuhusu akili inayoumia saa kumi na dakika arobaini na nane alfajiri, ulionyeshwa mwaka uliofuata, baada ya kifo chake. Mwaka 2005, Minsk, mji mkuu wa Belarusi, Natalia Kaliada na Nikolai Khalezin walianzisha Tamthilia Huru ya Belarusi, jina lilelile la Antoine, na kundi lao lilianza kwa mchezo huo. Serikali haikulitambua. Likahamia katika nyumba za watu: watazamaji walipewa taarifa kwa simu, wakakutana mahali palipotajwa, wakaongozwa hadi mlangoni, na waliambiwa wabebe pasi zao za kusafiria ili wakikamatwa, mambo yawe mepesi kidogo kituoni. Viongozi wa kundi walikimbilia London mwaka 2011, na wengine wote wakaondoka nchini mwaka 2021. Katika vyumba vile vya Minsk watu walikaa chini, magoti yakigusana, umbali wa hatua mbili na mwigizaji, wakifuatilia mchezo ambao mstari wake wa mwisho ni ombi la kufunguliwa mapazia.

Asanteni kwa kunisikiliza.